Kinachobaki Juu ya Paa: Theluji ya Ugenini na Mvua za Kwetu

Sisi tunaofanya kazi ya majengo hapa Unguja husomeshwa habari za theluji katika kurasa mbili tatu za kitabu cha kanuni, kisha tunazipita na kuendelea na mzigo wa upepo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona theluji ikianguka Darajani wala Chake Chake. Mimi nimezirudia kurasa hizo mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Ndugu zetu wengi wamehamia nchi za baridi, baadhi yao wamenunua nyumba huko, na katika ukoo akipatikana mtu mmoja aliyesomea ujenzi, basi maswali ya nyumba zote humfikia yeye, iwe nyumba ipo Mkunazini au ipo Kanada. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyotambua kwamba elimu ya mzigo wa theluji inatuhusu watu wa visiwani zaidi ya tunavyodhani, kwa sababu swali lake la msingi ndilo hilo hilo linalopaswa kuulizwa juu ya sakafu za Mji Mkongwe, yaani mapaa yake ya bapa: ni kitu gani kinabaki juu ya paa, kwa muda gani, na kinatoka kwa njia ipi.

Nianze na uzito wenyewe, maana hapo ndipo watu wengi hudanganywa na macho. Kanuni za Ulaya zinaihesabu theluji iliyoanguka muda huo huo kuwa na uzito wa kilo 100 hivi kwa kila mita ya ujazo, na ile kavu sana huwa nyepesi kuliko hivyo. Ikikaa siku kadhaa hujishindilia ikafika kilo 200. Ikikaa wiki au miezi hufika baina ya kilo 250 na 350. Na ikiwa imelowa maji huhesabiwa kilo 400. Barafu kamili ni kilo 917, na maji matupu ni kilo 1,000. Maana yake ni kwamba mtu aliyesimama chini akalitazama paa lenye theluji ya kina cha nusu mita hawezi kujua kwa kulitazama tu kama limebeba kilo 50 au kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Kina ni kile kile na weupe ni ule ule, lakini uzito umekwisha kuongezeka mara nne. Godoro la sufi lililosahauliwa nje usiku wa mvua lina tabia hiyo hiyo: asubuhi unalikuta na umbo lake la jana, lakini watu wawili hawaliinui.

Ndiyo sababu wahandisi wa nchi hizo huiogopa mvua inayonyesha juu ya theluji kuliko theluji yenyewe. Maji ya mvua hunaswa ndani ya theluji badala ya kuteremka, na paa ambalo jana lilikuwa salama linaweza kuzidiwa usiku mmoja bila ya hata tone jeupe kuongezeka. Kanuni za taifa za ujenzi za Kanada zimeliweka jambo hili wazi katika hesabu: kila mji umepewa takwimu mbili, moja ya theluji iliyo ardhini na nyingine ya mvua itakayonaswa humo. Kwa Ottawa takwimu hizo ni kilonyutoni (kipimo cha nguvu, sawa na uzito wa kilo 102 hivi) 2.4 na 0.4 kwa mita ya mraba. Kwa Toronto, iliyo kandokando ya ziwa kubwa, ni 0.9 na 0.4. Theluji ya ardhini hupunguzwa hadi asilimia 80 inapohamishiwa kwenye paa la kawaida la bapa, kisha huongezwa ile mvua bila ya kupunguzwa, na jibu la Ottawa linakuwa 2.32, yaani kilo 236 hivi kwa kila mita ya mraba ya paa. La Toronto ni kilo 114.

Kwa upande wetu, kanuni za Uingereza tulizozirithi, ambazo mpaka leo zinatumika sana katika ofisi za wahandisi wa Tanzania, zinataka paa lisilopandwa na watu liweze kubeba angalau kilonyutoni 0.6, sawa na kilo 61 kwa mita ya mraba. Paa la mabati la Fuoni lililohesabiwa vizuri, tena wengi hawahesabu, lina uwezo wa robo tu ya linalotakiwa Ottawa. Hakuna kosa katika hilo. Kila paa hujengewa mbingu yake, na kenchi za Ottawa zikijengwa Fuoni zitakuwa ni kupoteza mbao na fedha za watu.

Takwimu hizo za miji hazikutolewa hewani. Zimetokana na vipimo vya miaka mingi vya vituo vya hali ya hewa, na zimechaguliwa kiasi kwamba uwezekano wa kuzidiwa katika mwaka wowote ni 2 katika 100. Watu huliita jambo hili mzigo wa miaka 50, na jina hilo limewapoteza wengi, kwa sababu wanadhani kwamba ukishafika mara moja basi watapumzika miaka 49. Mwaka unaofuata uwezekano ni ule ule, 2 katika 100, kama kwamba mwaka uliopita haukuwapo.

Umbo la paa nalo lina neno lake. Kwa kanuni za Ulaya, paa lenye mwinamo usiozidi digrii 30 hubeba asilimia 80 ya theluji ya ardhini. Kuanzia hapo mzigo hupungua kidogo kidogo mpaka ukafika sifuri kwenye digrii 60, maana theluji haiwezi tena kushika. Wajapani wa kijiji cha Shirakawa-go walilijua hilo kabla ya kanuni kuandikwa: mapaa yao ya nyasi yamesimama karibu na digrii 60. Mafundi wetu wa makuti walifuata njia iyo hiyo kwa sababu nyingine, kwani kuti lililolazwa sana hukaa na maji, huoza, na huvuja kabla ya miaka yake. Maji na theluji vinakubaliana katika hili, kwamba paa lililosimama hujisafisha lenyewe na paa la bapa linahitaji mtu wa kulifikiria.

Lakini hatari kubwa haiko kwenye mzigo uliosambaa sawasawa. Upepo huichukua theluji ya paa la juu ukaimwaga kwenye paa la chini lililo pembeni yake, au ukaikusanya nyuma ya ukuta mdogo wa ukingoni, na pale pembeni lundo huwa mara kadhaa zaidi ya sehemu nyingine. Mgawo wa theluji ya ardhini unaohesabiwa juu ya paa, ambao kwa paa la bapa ni 0.8, yaani ile asilimia 80, unaweza kufika 4 mahali pa lundo, kwa kanuni hizo hizo za Ulaya. Yaani mara tano. Ndiyo maana baraza jipya lililobandikwa ubavuni mwa nyumba ya zamani iliyo ndefu zaidi huanguka wakati nyumba yenyewe imesimama. Mwenye baraza alihesabu theluji yake, hakuhesabu ya jirani wa juu.

Mifano ya kuanguka ni mingi, na kila mmoja una somo tofauti. Mnamo tarehe 18 Januari 1978, paa la ukumbi wa michezo wa Hartford, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, lilianguka lote saa kumi na robo alfajiri. Saa chache kabla ya hapo watazamaji 5,000 hivi walikuwa wamekaa chini yake wakitazama mpira wa kikapu. Kwa rehema ya Mungu hakuumia hata mmoja. Theluji ya usiku ule ilikuwa nzito, lakini haikufika mzigo ambao paa lilitakiwa kuubeba. Uchunguzi ulionyesha kwamba vyuma vya wavu wa paa vilivyokuwa vikibanwa havikushikiliwa vya kutosha pembeni, vikapinda kimoja baada ya kingine. Kinachonisumbua zaidi katika kisa hiki ni kwamba paa lilikwisha kutoa taarifa: wakati wa ujenzi lilipimwa likaonekana limeshuka mara mbili ya ilivyotabiriwa na kompyuta, na waliopewa vipimo hivyo wakaamini kompyuta kuliko paa.

Januari ya 2006 ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 2 Januari, paa la uwanja wa barafu wa Bad Reichenhall nchini Ujerumani liliua watu 15, na 12 kati yao walikuwa watoto na vijana. Gundi ya mihimili ya mbao ilikuwa imedhoofishwa na unyevu wa miaka mingi. Tarehe 28 Januari, ukumbi wa maonyesho karibu na Katowice nchini Poland ulianguka wakati wa maonyesho ya njiwa, wakafa watu 65. Huko theluji na barafu zilikuwa zimeachwa zikarundikana juu ya paa lililokuwa na kasoro za usanifu tangu mwanzo. Katika visa vyote hivi theluji ilikuwa ni mpimaji tu. Ilikikuta kilichokuwa kibovu ikakionyesha.

Hapo ndipo linapokuja wazo ambalo kila mtu wa nchi za joto hulifikiria mara moja: kwa nini wasiiyeyushe? Nami nilifikiri hivyo mpaka nilipokaa na kalamu. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri kunahitaji kilojuli 334 za joto, na hiyo bado inakupa maji ya nyuzi sifuri. Joto hilo hilo lingeweza kuyapandisha maji ya uzito huo kutoka nyuzi 0 mpaka nyuzi 80. Sasa chukua paa la mita 10 kwa 15, liwekee kilo 200 kwa kila mita ya mraba: ni tani 30 za theluji. Ili kuziyeyusha zote unahitaji uniti 2,780 za umeme, bila ya kuhesabu joto linalopotea hewani, ambalo katika baridi kali ni jingi. Kila mwenye mita ya umeme nyumbani kwake anaweza kujipigia mwenyewe hesabu ya uniti hizo. Ndiyo sababu mapaa ya kawaida ya nchi za baridi hujengwa kuibeba theluji, na inapozidi, hupanda watu wenye makoleo.

Hata makoleo yana elimu yake. Ukiliondolea paa la migongo miwili theluji upande mmoja wote na kuuacha upande wa pili umejaa, umeziwekea kenchi mzigo wa upande mmoja ambao huenda hazikuwahi kuhesabiwa, na ukiikusanya theluji katikati ili uishushe kwa pamoja, umelifanya lundo mahali palipo dhaifu. Huondolewa kwa vipande, pande zote mbili kwa zamu, na tabaka la chini huachwa ili koleo lisiharibu kifuniko cha paa.

Mifumo ya kuyeyusha ina mahali pake pa haki, napo ni ardhini zaidi kuliko juu ya paa. Huwekwa mabomba ya plastiki ngumu ndani ya zege la njia ya miguu au mteremko wa gari, yakipitishwa maji yenye dawa ya kuzuia kuganda, au hulazwa nyaya za umeme zinazotoa joto, na chini yake hutandikwa kizuizi ili joto lipande lisizame. Mfumo mzuri hauanzi kazi baada ya theluji kujaa. Kihisio cha unyevu na baridi huuwasha mapema, zege likaanza kupata joto, na theluji ikayeyuka kadiri inavyoanguka. Wanaofanikiwa zaidi ni wale waliopata joto ambalo lingetupwa. Reykjavik hupitisha chini ya njia zake maji ya moto wa ardhini yaliyokwisha kutumika kupasha joto nyumba, yakiwa bado na nyuzi 30 na kitu. Mji wa Holland, Michigan, tangu 1988 umekuwa ukipasha joto njia za katikati ya mji kwa maji yaliyopoza mitambo ya umeme. Nagaoka nchini Japani hurusha barabarani maji ya visima, ambayo wakati wa baridi yana uvuguvugu kuliko hewa. Njia hiyo ni rahisi na imeenea, lakini chuma kilicho ndani ya maji kimezigeuza barabara rangi ya kutu.

Katika yote hayo, swali ambalo wauzaji hulipita haraka ni kwamba maji yaliyoyeyuka yanakwenda wapi. Theluji iliyoyeyushwa ikakosa njia hugeuka barafu mita mbili mbele, na barafu ya kuteleza kwenye njia ya watu ni hatari kuliko theluji uliyoiondoa. Nadhani mfereji wa kupokea maji, nao ukiwa na joto lake mpaka yafike chini ya kina ambacho ardhi huganda, ndio nusu ya mfumo.

Kuna paa moja maarufu lililotegemea joto ili lisimame. Uwanja wa Metrodome wa Minneapolis, uliofunguliwa 1982, ulikuwa na paa la kitambaa cha nyuzi za kioo lililoshikiliwa na hewa iliyosukumwa kutoka ndani, na hewa ya moto ilipitishwa baina ya matabaka yake ili kuyeyusha theluji. Baina ya tarehe 10 na 11 Desemba 2010 zilianguka sentimita 43 hivi za theluji pamoja na upepo mkali. Wafanyakazi waliokuwa wakisaidia kuiondoa juu walishushwa kwa kuhofiwa maisha yao, na alfajiri ya tarehe 12 kitambaa kikachanika, theluji ikamwagika uwanjani. Hakuna aliyeumia. Paa ambalo usalama wake unategemea mtambo usizimike na watu wasichoke ni paa ambalo nisingependa kulala chini yake.

Bint wa kaka yangu anaishi Ottawa na watoto wake. Alinipigia simu katikati ya baridi, na baada ya salamu akanieleza shida yake. "Ami, kuna kampuni imekuja kunishauri nitandike nyaya za joto paa zima, theluji isikae hata kidogo. Bei yake ni kubwa sana, lakini dari ya chumba cha watoto inavuja, na mimi naogopa paa lisije kutuangukia." Nikamwambia, "Mwanangu, kabla ya nyaya, nipigie picha ya upenu kutoka nje, kisha mpe fundi apande darini anipigie ya ndani."

Picha ya nje ilionyesha meno ya barafu yaliyoning'inia upenuni, mengine marefu kama mkono, na juu yake ukingo wa barafu nene. Katikati ya paa palikuwa na sehemu moja ambapo theluji ilikuwa nyembamba, karibu vigae vionekane. Picha ya darini ilieleza sababu: bomba la feni ya bafuni, ambalo lilipaswa kutoa mvuke nje ya nyumba, lilikuwa limekatikia humo humo darini, na kizuia joto kilichotandazwa juu ya dari kilikuwa kimesogezwa pembeni na mtu aliyepitisha nyaya zamani. Joto la nyumba na mvuke wa bafuni vilikuwa vikipasha vigae kwa chini, theluji ikayeyuka sehemu ile, maji yakateremka chini ya theluji mpaka upenuni ambako hakuna joto la nyumba, yakaganda. Kila siku ukingo ukaongezeka, mpaka maji yaliyofuata yakakuta yamezibiwa njia, yakarudi nyuma chini ya vigae na kuingia chumba cha watoto.

Paa lake halikuwa likielemewa hata kidogo. Lilijengwa kwa kanuni za mji ule na lingeweza kubeba theluji yote ya baridi ile. Kilichotakiwa ni kuliacha paa liwe baridi: kuunganisha bomba la feni mpaka nje, kuziba matundu yanayopitisha hewa ya ndani, kurudisha kizuia joto na kukiongeza, na kufungua matundu ya hewa ya upenuni na ya kileleni ambayo yalikuwa yamezibwa. Nyaya aliwekewa mahali pamoja tu, kwenye bonde ambapo migongo miwili ya paa inakutana upande usiopata jua, pamoja na mlizamu unaopokea maji ya hapo. Nyaya hizo hazipunguzi uzito wa paa. Kazi yake ni kuyafungulia maji kijia mpaka chini.

Nilimsisitizia jambo moja zaidi, na nalisisitiza hapa kwa kila mwenye nyumba ya zamani katika nchi hizo. Nyumba nyingi za kale zilisimama miaka yote kwa sababu zilikuwa zinavuja joto, na joto hilo lilikuwa likiipunguza theluji bila ya mtu kukusudia. Ukizitia kizuia joto kizuri, theluji itabaki juu kwa wingi na kwa muda ambao mbao zile hazijawahi kuuzoea. Nyumba ya bint yangu si ya zamani kiasi hicho, lakini ingekuwa ni ya mbao za miaka mia, ningemtaka kwanza amwite mhandisi wa huko azipime kenchi.

Sasa nirudi Unguja, maana hapa ndipo penye mapaa ninayoyajua kwa kuyakanyaga. Sentimita 10 za maji yaliyotuama ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Uzito huo ni sawa na mita nzima ya theluji iliyoanguka sasa hivi, na haupungui sana kuliko anaotakiwa kuubeba mtu wa Toronto. Nyumba ya sakafu yenye ukuta ukingoni, mlizamu wake ukizibwa na majani, kiota cha kunguru au mfuko wa plastiki, inaweza kuupata mzigo huo kwa mvua ya siku moja ya masika. Ikiwa nyumba ya jirani ni ndefu zaidi na milizamu yake inamwaga juu yako, basi hesabu ile ya lundo la theluji nyuma ya ukuta inakuhusu moja kwa moja. Tena maji yana ubaya wa ziada: yanapotuama, boriti hulegea kidogo, shimo huongezeka kina, na shimo likiongezeka kina huvuta maji mengine.

Sakafu za Mji Mkongwe zilijengwa kwa boriti za mikoko zilizopangwa kwa karibu, mawe madogo juu yake, kisha chokaa iliyopigwa kwa miti siku nyingi hadi ikakaza. Upana wa vyumba ni mita tatu hivi kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti inauweza. Ni ujenzi wa busara, na ulipokuwa ukitunzwa ulidumu. Tatizo limekuja kwa mkono wa matengenezo. Nilipanda na fundi mmoja mzee juu ya nyumba iliyokuwa ikivuja upande wa Malindi, akaanza kuchimba kwa tindo karibu na ukuta. Juu kabisa palikuwa na saruji, chini yake lami, chini yake saruji nyingine iliyopasuka, kisha chokaa ya kijivu, kisha chokaa nyeupe iliyopondwa vizuri, ambayo ndiyo sakafu yenyewe. Fundi akaipangusa kwa kiganja, akaniambia, "Hii ya chini, mwanangu, haikuwa na kosa. Kila aliyekuja aliona uvujaji akaongeza tabaka, hakuna aliyetoa." Kila sentimita 5 za saruji ni zaidi ya kilo 100 kwa mita ya mraba, na mzigo huo hauyeyuki wala haupungui kiangazi kikiingia. Zaidi ya hayo, saruji huuzuia unyevu uliokwisha kuingia usitoke, nao hujificha pale kichwa cha boriti kinapoingia ukutani, mahali ambapo boriti huoza bila ya kuonekana kutoka chini.

Kila nikipita Forodhani nikaitazama Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883 kwa amri ya Sultan Barghash na ambayo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 ikaua watu wawili, nawafikiria watu wanaolala chini ya sakafu ambazo hazina jina wala mtalii wa kuzipiga picha.

Katika nyumba ile ya Malindi tuliyaondoa matabaka kwa mtindo ule ule wa makoleo ya Ottawa: vipande vidogo, kutoka pande zote mbili kwa zamu, kifusi kikateremshwa siku hiyo hiyo kwa ndoo na kamba bila ya kurundikwa katikati ya chumba, na boriti zikiwa zimeegemezwa nguzo kwa chini. Boriti zilizooza vichwa zilibadilishwa. Sakafu ikarudishiwa chokaa kwa mwinamo unaoelekea mlizamuni, na mlizamu wa pili ukatobolewa juu kidogo ya ule wa kwanza, ili ukizibwa mmoja maji yaonekane yakimwagika uchochoroni na mwenye nyumba ajue.

Limebaki tangi la maji. Watu wengi wa mjini sasa wameweka matangi ya plastiki juu ya sakafu zao kwa sababu maji ya bomba hayaji kila siku, na siwalaumu. Lakini tangi la lita 2,000 ni tani mbili, na kitako chake chenye kipenyo cha mita 1.3 kinaziweka tani hizo kwenye eneo dogo mno: zaidi ya kilo 1,500 kwa mita ya mraba, mara sita na ushei ya mzigo wa paa la Ottawa. Likae juu ya kona ya kuta mbili nene, juu ya mihimili inayoegemea kuta hizo na si boriti, na bomba lake la kumwagia maji ya ziada lielekezwe moja kwa moja mlizamuni. Aliyekwisha kuliweka katikati ya chumba alitoe maji kwanza, ndipo aite watu wa kulihamisha.